Redio ya Mama Imeongea

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Redio ya mama yako usiiguse, gundi ya kifuniko haijakauka.

Asubuhi uliitupa jalalani, ukasema ni takataka, ukabamiza mlango. Mama alilia. Nikaenda kuiokota, tukaifungua hapa mezani, yeye akanimulikia tochi, mimi nikaunga waya uliokatika. Unajua tangu nije kwenu hajawahi kuniita mwanawe. Sauti ilipotoka tu, alinikumbatia: "Mwanangu, tumeweza!" Nimefurahi mno.

~~Nimeshakusamehe.~~ Bado nina hasira na wewe.

Tumetoka wote wawili kununua betri mpya. Tukirudi tunacheka, usithubutu kucheka nasi kabla hujamwomba radhi.

Mama watoto