Nimelipasua Sanduku Lako la Barafu

Baba,

Nianze na kosa langu, maana hukupenda maneno ya kuzunguka. Nimelipasua sanduku lako la barafu. Lile la bluu ulilokuwa ukilikalia mlangoni pa karakana hapa Jabe. Nimelikata kwa mkasi wako wa bati huku nalia.

Nisikilize kwanza. Baada ya arobaini yako, muuguzi wa Gasenyi alikuja kuulizia sanduku alilokuagiza kabla hujaugua. Surua imeingia kwao. Tangu vita vifunge barabara gari haziendi huko, chanjo anaibeba kwa miguu, na bila barafu inaharibika njiani. Nikamwambia nitalitengeneza mimi. Baba mdogo Hamisi akacheka. "We Zena, mi sijaona mwanamuke wa kupiga mabati. Tuuzishe hii vyombo, tumalize." Nikamwomba aniache nitengeneze sanduku moja tu. Likishindwa, auze.

Nilipolimaliza nikalijaribu kama wewe: barafu ndani baada ya alfajiri, kifuniko hakiguswi mpaka adhana ya magharibi. Nilipofungua, maji matupu. "Hii ni sanduku ao ni ndoo?" akauliza baba mdogo. Pembe zote nilizilehemu vizuri, Baba, na pumba za mpunga nilizishindilia kati ya mabati hadi juu. Sikujua nilichokosa, na wa kumuuliza hayupo. Lililojua ni sanduku lako peke yake.

Basi nikalipasua. Pumba zako zilikuwa kavu kabisa, umezitia kwenye vifuko vya nailoni, na kila kifuko umekifunga kwa uzi. Mimi zangu nilizimwaga zilivyotoka mashineni, na unyevu wake wa mvua. Miaka yote hiyo hukuniambia! Ulidhani una muda. Nilikukasirikia siku nzima, halafu nikakukumbuka.

Nikaanika pumba juu ya bati siku tatu, nikafunga vifuko. Jaribio la pili, saa kumi jioni, baba mdogo akataka kuchungulia. Nikakaa juu ya kifuniko kama wewe wakati wa Ramadhani, ulivyokuwa ukitufukuza: "Mutoke hapo! Mungojee adhana." Nami nikamwambia hivyo hivyo. Adhana ilipolia nikafungua, na barafu ilikuwa bado inanijaa mikono miwili. Baba mdogo akachukua kipande, akakitia mdomoni, akatafuna. Kesho yake alinipa ufunguo wa karakana.

Muuguzi ameondoka na sanduku langu leo asubuhi, amelibeba kichwani.

Pumba zako nimeziweka, na nyuzi zako sijafungua hata mmoja. Nikipata bati la bluu nitalijenga upya sanduku lako. Mungu akupanulie kaburi, Baba, pumzika. Na yeyote atakayekuja kujifunza kwangu, vifuko nitamwonyesha siku ya kwanza.

Mwanao,
Zena