Ndege Nyeusi Juu ya Bashi

Jumatatu, 12 Januari

Rangi nyeusi imeisha kabla ya bawa la kushoto. Nimechanganya masizi ya sufuria na mafuta ya taa, imekubali. Bashi la Papa Alimasi limejaza ua mzima, kuku hawana pa kupita. Ni lile turubai kubwa linalowafunika abiria wa boti yake. Kesho linafungwa juu, kisha wanapanda kaskazini hadi Baraka.

Safari hii hataki jina ubavuni kama wengine. Anataka ndege juu ya paa, ili watu wanaokaa mlimani waione boti ikiingia na washuke bandarini mbio. Nimempa ile nyeusi ya Wamarekani, SR-71. Karibu kilomita moja kwa kila sekunde. Wakiirushia kombora, rubani anaongeza mwendo tu, kombora linachoka nyuma. Ndege halisi haikubeba hata risasi, kazi yake ilikuwa kupiga picha. Mimi nimeiongezea makombora mawili na nyota nyekundu. Wateja hawapendi ndege isiyo na meno.

Imependeza. Najisifu mwenyewe kwa sababu Feza hasemi. Mke wangu hajawahi kuisifu ndege hata moja. Ameniambia tu nisitie rangi kwenye nguo alizoanika.

Jumanne, 13 Januari

Feza ameondoka na boti hiyohiyo. Anamfuata mama yake huko Baraka. Vita vinashuka kutoka kaskazini, na yule mama aligoma kuondoka mpaka majirani wote walipokwisha kuondoka. Nilitaka niende mimi. Feza akakataa. Wanaume wanashushwa njiani na kuulizwa maswali, mwanamke mwenye mfuko wa unga anapita. Ni kweli. Bado nimekasirika.

Nilipanda mlimani kuangalia boti ikitoka. Ndege yangu ilionekana yote, mabawa, makombora, hata nyota. Mtu mmoja kando yangu akauliza ni kazi ya nani. Nikamwambia.

Alhamisi, 15 Januari

Feza amepiga simu asubuhi. Mama yuko naye, ana mabunda mawili na hasira. Boti itajaza watu leo na kesho, halafu wanashuka kurudi. Nilifurahi. Nikaanza kuchora MiG-25 ya Warusi ubavuni mwa mtumbwi wa jirani, nikiimba. Ile nayo ni moto, ilitengenezwa kwa chuma kizito na bado ilikuwa inawaacha wenzake. Rubani akizidisha kabisa, injini zinaharibika.

Mchana akaja Mama Asende kuchukua nguo za kufua. Ni mkimbizi wa kutoka kaskazini, anakaa kambini Katanika. Hutazama kazi yangu bila neno. Leo amenena.

“Artisti, ile ndege ulichora ku bashi ya Papa Alimasi, inaangalia juu?”

Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana nimeichora kubwa.

“Kwetu tulitosha hata mabashi ya kijani ku nyumba. Kale kadroni kakiona kitu inafanana na ya basoda, hakaulizi muntu.”

Yaani waliyaondoa, ile ndege ndogo isiyo na rubani isidhani ni ya askari. Alisema hivyo, akachukua nguo, akaenda. Nilibaki na brashi mkononi mpaka rangi ikadondokea mguuni. Nimechora ndege ya vita, yenye makombora na nyota, kwenye paa la boti ya raia, na kuigeuza uso kwa mbingu. Mke wangu atakaa chini yake.

Nilimpigia Feza. Simu haipatikani. Papa Alimasi, haipatikani. Yeye mwenyewe ndiye anayeshika usukani. Nilikimbia bandarini nikamwomba askari wa zamu wawaambie kwa redio wageuze bashi. Akacheka. Akaniuliza kama nataka jeshi lizungumzie michoro.

Ijumaa, 16 Januari

Mtandao wa kaskazini umekufa. Nimepiga hadi kidole kinauma.

Asubuhi ndege ya jeshi ilipita juu ya mji, ikielekea kaskazini. Kwanza ilipita, ndipo mshindo ukafuata, watoto wakapiga makofi. Siku nyingine ningekuwa nao, nikiwaeleza. Leo sikutaka kuiona. Nilijifungia chooni.

Miaka yote nimezipenda zinazokimbia. Kuna ile X-15, yenye roketi, iliyokuwa inabebwa chini ya bawa la ndege kubwa na kuachiliwa angani. Inaipita ile nyeusi karibu mara mbili. Rubani mmoja, dakika chache, mafuta yamekwisha, anateleza kushuka kama kishada. Nilikuwa nikisoma habari hizo kwenye simu nasahau chakula. Niliamini kitu cha kuogopwa angani ni kile chenye mbio. Kumbe kadroni kanakoua watu wa huko kanakwenda pole kama pikipiki iliyochoka, na kanarudi tena kutazama vizuri.

Mwanetu Riziki ameuliza mama yake anarudi lini. Kesho, nimesema. Sikumtazama usoni.

Jumamosi, 17 Januari

Hawakufika.

Mvua tangu alfajiri, ziwa limechafuka. Nilikaa bandarini nimejifunika gunia. Mchana wakaingia wavuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Wanasema jana jioni walisikia kadroni kakivuma muda mrefu juu ya maji, upande wa kaskazini. Sauti ya nyuki, wanasema. Hawakuona moshi. Hawakuona boti.

Lakini waliokota bashi.

Walikuwa wamelikunja kwenye mtumbwi wao, wanataka kulikata kufunikia samaki. Sikuhitaji wanikunjulie. Niliona ncha ya bawa la kushoto, lile la masizi, rangi imeanza kutoka kwa maji. Nilishika bashi, nikashindwa kuliachia. Wakadhani nataka kulichukua. Mmoja akaanza kugomba, mwingine akaniangalia uso, akamwambia anyamaze.

Kamba zake zilikuwa zimekatwa. Sikujua hiyo ni habari njema au mbaya. Bomu halikati kamba hivyo. Lakini hata watu wanaozama hukata kamba watoke.

Nimerudi nyumbani. Sijamwambia mtu. Nimempikia Riziki ugali, haukuiva vizuri, amekula. Naogopa sana. Naogopa hata kuandika ninachoogopa.

Jumapili, 18 Januari

Wamefika. Wako hai wote.

Niliiona boti ikiingia bila paa, watu wamerundikana kama nguo zilizolowa. Nilimtafuta Feza kwa macho nikamkosa. Nikamtafuta tena. Alikuwa chini, amemlalia mama yake kumkinga upepo. Nilisimama katikati ya njia mpaka mpagazi akanisogeza.

Feza amenieleza kidogo kidogo, huku anamsugua mama mgongo. Kadroni kalikuja jioni, wakiwa mbali na ukingo. Kakazunguka. Kakaenda, kakarudi chini zaidi. Watu wakaanza kusali. Papa Alimasi akasema watulie, ndege ya juu ya bashi itakaogopesha. Hapo ndipo Feza alipoelewa kadroni kanatazama nini. Alisimama na kisu cha samaki akaanza kukata kamba. Wanaume wakamshika, wakisema mvua inakaribia, kuna watoto. Akawapigia kelele: “Muniache. Ni bwana yangu alichora. Mie najua iko namna gani huko juu.” Wakamwachia. Bashi likaanguka majini. Kadroni kakazunguka tena mara moja, kakaondoka.

Sijui kama kaliondoka kwa sababu hiyo. Hakuna anayejua. Halafu ikaja mvua, usiku na mchana mzima, injini moja ikazima, nao hawana pa kujificha.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Mama yake anatetemeka na joto liko juu, kikohozi kinatoka ndani sana.

Jumatano, 21 Januari

Muuguzi amesema mapafu ya mama yamepata maji ya baridi. Dawa zipo, tunasubiri.

Sasa sikia upuuzi. Huko sokoni wanasema ndege yangu imekafukuza kadroni. Kwamba kalipoiona ile nyeusi kaligeuka mbio. Abiria wenyewe wanasimulia hivyo, waliokuwamo, walioona kisu. Wanasema bashi lilidondoka baadaye, kwa upepo. Papa Alimasi anajua ukweli na ananyamaza, boti yake imejaa mpaka wiki ijayo.

Leo wamekuja wenye boti watatu. Wote wanataka ile nyeusi, juu ya paa, na makombora. Mmoja anataka manne. Nilikataa. Nikawaeleza kwamba ile ndege ya kweli haikuwa na silaha, makombora ni uongo wangu, na kutoka angani uongo huo unawageuza kuwa jeshi. Nikawaeleza habari ya kisu. Walisikiliza kwa heshima. Halafu mkubwa wao akaniuliza, “Sasa Artisti, unataka tuongeze bei ngapi?”

Nilitoka njiani nikawafuata nikipiga kelele kama kichaa. Wakaongeza hatua. Feza alisimama mlangoni, akasema wataenda kwa mwingine. Kuna mchoraji upande wa pili wa mto Lukuga, anachora wachezaji mpira.

Alhamisi, 22 Januari

Nimevuka Lukuga kwenda kwake. Nimemkuta ameshaanza. Ana picha ya bashi langu kwenye simu. Nilimsihi. Akasema nina wivu. Nikamwambia basi achore ndege ya abiria, nyeupe, kubwa, na neno RAIA kwa herufi nene. Akajibu kwamba hakuna mtu anayepanda boti ya mwoga.

Nimekwenda kwa mkuu wa bandari pia. Nimeambiwa nirudi Jumatatu.

Papa Alimasi peke yake amenisikia. Nimempa bashi tupu, la bluu iliyopauka. Amelichukua bila kunitazama.

Jumapili, 25 Januari

Jua limetoka. Mama amekunywa uji wote, kwa mara ya kwanza. Feza amelala, hajalala vizuri wiki nzima. Riziki yuko kanisani na jirani.

Nilimbeba mama hadi ukingo wa mlima, apate joto. Mwepesi mno. Tulikaa, nimemzungushia blanketi, hatukuwa na mengi ya kusema. Boti moja ikatoka bandarini, ikakata kaskazini. Juu yake ile nyeusi. Bawa moja fupi, pua imepinda, makombora manne. Mikono ya watu ilikuwa inatoka pembeni ikigusa maji.

Mama akaitazama mpaka ikawa ndogo.

“Ile iko na bantu?”

“Imejaa watu, Mama.”

Akaniomba nimrudishe ndani.