Walikuja kwa Ajili ya Leokadia

Kakese, Mpanda

Dada yangu Milembe,

Shikamoo. Nyie huko hamjambo, wewe na shemeji na watoto? Mgongo wa mama umepoa? Sisi huku wazima, ila mdogo wako anaumwa wivu. Nimeandika maana kwenye simu ungenicheka.

Huku mpunga tunapandikiza kwa zamu: leo wote shambani kwako, kesho kwangu. Mwaka jana ilipofika zamu ya jirani yangu Leokadia, nilituma ujumbe kwamba nina homa. Homa gani! Nilikuwa mnadani Magamba nachagua vitenge, na nusu ya kijiji wakaniona.

Basi mwaka huu kila niliyemwomba, "Ndiyo, nitakuja." Nikapika uji sufuria mbili. Hakuja mtu. Siku ya pili vilevile. Miche ikaanza kuwa ya njano kitaluni, na ndicho chakula chetu cha mwaka mzima, dada. Ng'ambo ya tuta namwona Leokadia, jaruba lake limejaa watu wanaimba. Ana nini huyu? Hana ng'ombe, wala pombe hawapikii. Ila akisema saa kumi na mbili, saa kumi na mbili yumo matopeni. Nilimchukia mpaka chakula hakipiti.

Mume wangu akasema, "Nenda kamwombe yeye." Nikamjibu afadhali nife. Lakini nilienda.

Alinisikiliza huku anamenya mihogo. "Nikiwaita halafu wewe ukawakimbia, aibu ni yangu. Utaenda kwenye zamu zao?"

"Nitaenda."

"Usiniambie mimi. Kawaambie wao."

Nikazunguka nyumba kwa nyumba, nikakiri na habari ya vitenge. Kesho yake wakaja kumi na wawili, hadi jioni miche yote imesimama. Nikawa nashukuru, bibi mmoja akanikatiza: "Tusidanganyane mama, tumekuja kwa ajili ya Leokadia." Wee! Nilitabasamu, moyoni nawaka.

Tangu hapo sijakosa zamu hata moja, hata siku mvua ilipotuchapa. Lakini kila nikifika, yeye namkuta ameshainama.

Nisalimie mama, shangazi msuka mikeka, na kaka yetu fundi baiskeli. Na uniombee, dada. Siombi utajiri. Naomba Leokadia achelewe siku moja tu, anikute mimi nimeshaingia matopeni, na wote waone.

Mdogo wako akupendaye,
Kabula