Siku Mwalimu Joab Alipokataa Kukata Utepe

S.L.P. 61,
Chepseon.
10 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Aron,

Chamgei. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Christabel na watoto, na kwamba baridi ya huko Kanada haijaanza kuwafungia ndani. Nilisikia ule mguu ulioutegua ukishuka kwenye lori umepona. Namshukuru Mungu, ingawa najua hukupumzika hata siku moja.

Sisi tuko salama. Mvua imetushika sana mwaka huu, majani chai yanamea kuliko mikono ya kuyachuma. Mama yako, shangazi Sally, ana nguvu. Daktari alimpa fimbo ya kutembelea, naye anaitumia kufukuza ndama.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu haya niliyo nayo hayawezi kuandikwa kwenye kile kikundi cha WhatsApp cha waliofundishwa na Mwalimu Joab. Msimamizi wake ni Bethwel, na neno asilolipenda hufutwa kabla hujarudisha simu mfukoni. Chepyegon anarudi huko Jumapili, atakupa barua mkononi.

Uliniuliza kama zile maikroskopu mbili mlizonunua ninyi mlio ng'ambo zinatumika. Nitakujibu, lakini lazima nianzie kwa maziwa.

Unajua mimi ndiye mpimaji katika kituo cha chama chetu cha maziwa, mwaka wa tisa huu. Na Bethwel, yule aliyekaa nyuma yako darasani akinakili hata makosa yako, ndiye mwenyekiti. Usiniulize alichaguliwa vipi. Watu wetu wakiona mtu ameegesha gari kubwa mbele ya kanisa, wanafikiri amepakwa mafuta.

Jumatatu tarehe 25 Agosti dereva wake alileta mitungi mitatu. Nikatumbukiza laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Maziwa mazuri huisimamisha kati ya ishirini na sita na thelathini na mbili. Kwa Bethwel ilizama hadi ishirini na mbili. Hayo yalikuwa maziwa yaliyobatizwa kwa maji. Nikaandika namba kwenye daftari, nikayakataa, nikamrudishia dereva mitungi yake.

Nusu saa haikuisha, Bethwel akafika mwenyewe, akiruka matope asichafue viatu.

"Janeffer, unajua hiyo maziwa ni ya nani?"

"Najua," nikamwambia. "Nusu ni ya ng'ombe, nusu ni ya mfereji."

Jioni hiyo nikapewa barua ya kusimamishwa kazi wiki mbili kwa kukosea uongozi heshima. Neno maji halikuwemo. Wanakamati watano walitia sahihi, watu wazima wenye wajukuu, na mmoja wao ni mzee wa kanisa anayetusomea amri kumi. Kazi yangu akapewa Seth, karani wa ofisi, mtu ambaye angepitisha hata supu ikiletwa na gari la mwenyekiti.

Sasa nikuambie aibu yangu mwenyewe. Ijumaa niliketi nikaandika barua ya kuomba msamaha. Nina watoto wawili sekondari, na kazi kama hii hapa huokoti njiani. Nilipomaliza kuisoma niliona mwandiko ni wangu, lakini mwanamke aliyeiandika nisingemsalimia sokoni. Hata hivyo niliikunja, nikaitia kwenye mkoba, nikapanga kumpa Bethwel kesho yake.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kufungua maabara ya watoto wa JSS, sekondari ya chini, katika shule yetu ya zamani, na Bethwel ndiye mwenyekiti wa kamati yake pia. Ninyi mliambiwa itaitwa kwa jina la Mwalimu Joab. Nilifika nikakuta ukutani, kwa rangi nyekundu, MAABARA YA BETHWEL KIPKEMOI. Chini yake, kwa herufi ambazo lazima upige magoti uzisome, wameandika kwamba ni kwa heshima ya Mwalimu J. Okello.

Mwalimu alikuja na mkewe, Mama Celine, kutoka nyumbani kwao Kedowa. Ana miaka sabini na minne. Macho yamemwishia, Aron. Anaona mwanga na vivuli, lakini uso wa mtu hauoni, na Mama Celine humshika mkono. Nilipomsalimia alicheka. "Huyu ni Janeffer," akasema. "Yule wa kuuliza swali kabla sijamaliza sentensi."

Wenzetu wa darasa walikuwa kumi na wawili. Walipanga foleni ya kupiga picha naye, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaopiga picha na sanamu. Hakuna aliyemuuliza anakula nini au anasoma vipi sasa. Mmoja alimgeuza bega ili jua limwangaze vizuri.

Kisha Bethwel akahutubia, dakika arobaini. Alimwita Mwalimu mgeni wetu kutoka ziwani. Mtu amefundisha hapa tangu sisi hatujazaliwa, amezika mtoto hapa, anaongea Kipsigis kuliko watoto wa Bethwel, ambao wakiulizwa jina la nyanya yao wanajibu kwa Kiingereza. Mgeni.

Halafu akaleta hadithi ya buibui. Unaikumbuka kuliko mimi. Mwalimu alituletea buibui kwenye chupa, akatuambia tuhesabu miguu. Darasa zima tuliandika minane kwa sababu kitabu kilisema minane. Wewe peke yako uliandika saba, ukingoja kiboko. Mwalimu alitukosoa sisi wote. "Mmehesabu buibui wa kitabu," alisema. "Huyu wa chupa amepoteza mguu, na ni Aron tu aliyemwangalia."

Bethwel alisimama mbele ya wazazi akasema aliyeandika saba alikuwa yeye. Aliweka mkono kifuani. Akasema siku hiyo ndiyo Mwalimu alimfundisha ukweli. Watu wakapiga makofi, na wale wenzetu kumi na wawili, waliokuwa darasani siku ile, wakapiga pia. Mimi pia nilikaa kimya, ile barua iko kwenye mkoba. Uko mbali, ndugu yangu, na hata buibui wako ameibwa.

Mwalimu hakupiga makofi. Alipoitwa kukata utepe, alichukua makasi, akauliza, "Nikate kabla sijaingia?"

Mshereheshaji akacheka. Mwalimu akainama, akapita chini ya utepe, Mama Celine nyuma yake. Tuliokuwa karibu tuliona kila kitu kupitia mlangoni. Alipitisha kiganja juu ya meza ndefu, kutoka mwisho hadi mwisho. Akafungua bomba la kwanza, likakohoa hewa. Akafungua la pili, hivyo hivyo. Akafungua kabati na kuingiza mkono kwenye kila rafu, taratibu, mpaka ya chini kabisa. Hakukuwa na hata chupa tupu. Kwenye meza ya mbele ndiko zilikokuwa maikroskopu zenu, bado zimefungwa plastiki.

"Hizi watoto wamezitumia?" akamuuliza mwalimu mkuu.

"Bado, Mwalimu. Zinakaa kwa ofisi ya mwenyekiti kwa usalama."

Jibu lako ndilo hilo. Tangu Januari zilikuwa juu ya kabati la Bethwel, kando ya kikombe cha mpira. Na mwalimu mkuu, mtu mwenye digrii, alilisema hilo mikono iko nyuma kama mtoto aliyechelewa gwaride.

Mwalimu akarudi mlangoni, akamrudishia Bethwel makasi, mpini ukiwa mbele.

"Siwezi kukata," akasema. "Nikikata nitakuwa nimewaambia hawa watu nimeona maabara. Nimeona chumba kizuri."

Bethwel akachekea umati. "Mwalimu wetu, hii ni utepe tu. Na macho yako nayo, si unajua..."

"Macho yangu ni mabaya. Ndiyo maana nimeshika kila kitu."

Hakuinua sauti. Kisha akamwambia msichana wa gredi ya saba aliyesimama karibu achote maji ya mtaro kwa kifuniko cha soda, na yeye akaanza kuchana plastiki ya maikroskopu ya kwanza. Bethwel akasema hiyo ilikuwa ya maonyesho tu. Mwalimu akaendelea kuchana. Bethwel akataka kuingia kumzuia, lakini mama yako alikuwa amesogeza kiti chake mlangoni na kukikalia, fimbo imelala magotini, na hakuonekana kama mtu anayeondoka karibuni.

Waliiweka karibu na dirisha. Watoto wakapanga mstari hadi kwenye ua. Mwalimu mwenyewe hakuweza kuona chochote mle ndani, kwa hiyo alimuuliza kila mmoja anaona nini. Mtoto akisema wadudu, alimuuliza wangapi, na wanaenda upande gani. Nilimtazama akisikiliza, kichwa ameinamisha, kama vile majibu yao ndiyo macho yake.

Kamati nayo ilienda kula. Saa kumi Bethwel aliukata utepe mwenyewe, mbele ya mpiga picha na mbuzi wawili wa mwalimu mkuu. Akina mama hawakuondoka mpaka maikroskopu zikakabidhiwa mwalimu wa sayansi. Kwa hiyo sasa zinatumika, Jumanne na Alhamisi. Waambie wenzako.

Ile barua ya msamaha nilirudi nayo nyumbani, nikawashia moto wa ugali.

Jumanne iliyofuata lori letu la maziwa lilirudishwa na kiwanda, tangi zima, kwa sababu ya maji. Seth alikuwa amepitisha kila kitu kwa siku saba. Yote yakamwagwa mtaroni, ya Bethwel na ya wajane wenye ng'ombe mmoja. Wanachama walijaa ofisini, na ghafla ile kamati ya watu watano ikakumbuka kwamba kuna mtu anaitwa Janeffer. Walimtuma Seth anirudishe kwa mdomo. Nikamwambia nilisimamishwa kwa karatasi, nitarudi kwa karatasi. Karatasi ikaja Alhamisi.

Usifikiri Bethwel alianguka. Alisimama akasema dereva wake ndiye mwizi aliyetia maji. Dereva akafutwa, mtu wa watoto wanne, na watu wakapiga makofi tena. Siku hizi nafikiri tukisikia kinywa kimefunguka tu, mikono yetu inapiga yenyewe.

Jumapili nikaenda Kedowa kumtembelea Mwalimu. Nitakuambia ukweli kwamba nilienda kujivuna. Nilibeba lile daftari la vipimo kwenye mkoba. Nilitaka asikie kwamba hata mimi nimesimama, kwamba yale aliyotufundisha hayakumwagika bure. Mama Celine akatuandalia chai. Nikamsimulia yote, nikimchekea Bethwel kila sentensi. Mwalimu hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea asubuhi ile ya Jumatatu, mstari kwa mstari, jina, joto la maziwa, namba ya laktomita. Nikafika kwa Bethwel, nikasoma ishirini na mbili kwa sauti ya juu.

"Joto?"

Nikaangalia. Hapakuwa na kitu. Maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe, laktomita huzama zaidi ya inavyostahili, kwa hiyo lazima uandike joto kwanza, ndipo usahihishe namba. Hilo nalijua kama jina langu. Siku ile niliandika joto la kila mtu isipokuwa lake.

Mwalimu akahesabu kichwani. "Tuseme yalikuwa thelathini. Unaongeza mbili. Ishirini na nne. Bado yana maji."

Nikapumua.

"Lakini wewe hukujua," akasema. "Ulipima watu wangapi siku hiyo?"

"Arobaini na mmoja, bila yeye."

"Hao uliwapima. Bethwel hukumpima. Ulikuwa unamngoja."

Hakusema kwa ukali. Akauliza kama mvua imefika Chepseon, na Mama Celine akaniongeza chai, lakini sikuwa na pa kuiweka. Tangu nirudishwe kazini nilikuwa nimewacheka watu wanaopiga makofi kabla ya kuangalia. Niliporudi nyumbani nilisema nitakuandikia haya yote, na sehemu hii pia, kwa sababu wewe ndiye uliyehesabu mguu kwa mguu, na sikutaka nikudanganye juu ya mwisho wake.

Leo asubuhi maziwa ya Bethwel yaliletwa na dereva mpya. Nikatia kipimajoto kwanza, nikaandika. Nikatia laktomita, nikaandika. Nikasahihisha. Ishirini na nane. Nikayapokea, nikampa dereva risiti. Bado namdharau Bethwel, Aron, na sidhani nitaacha. Lakini maziwa yake yalikuwa mazuri, na hivyo ndivyo nilivyoandika.

Nisalimie Christabel sana, na watoto, na umwambie yule mdogo shangazi yake anamdai barua yenye picha. Mama yako anakusalimu na anasema uvae soksi mbili. Jirani yetu Kiptanui na watu wa kwake wote wanakusalimu. Mwalimu Joab alipojua nitakuandikia, alisema nikuulize huko kuna buibui wa aina gani.

Mungu akulinde kwenye hizo barabara ndefu za theluji, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, anayekupenda hata akiwa na hasira,

Janeffer Chemutai