Alikuwa Uani Kwako

Shella, Malindi
Jumapili, Agosti 1986

Baba,

Shikamoo. Leo ni miaka thelathini na moja na miezi miwili tangu uliponiambia niondoke uani kwako. Kutoka hapa hadi Matsangoni basi halimalizi saa nzima. Mara nyingi nimepita nikienda Kilifi, na kila mara nimegeuza uso nikatazama upande wa pili wa barabara.

Habari ya kifo chako ilinifikia umeshazikwa. Nadhani ilicheleweshwa makusudi. Sikulalamika.

Nakuandikia kwa sababu wazee wanakutana nyumbani Jumatano, na kabla ya hapo ilinibidi niamue. Karisa alikuja juzi Ijumaa, na bintiye mgongoni. Mdogo wangu huyo ana mvi sasa, Baba, na hukohoa kabla ya kusema jambo zito, kama wewe. Alikataa kiti, akachuchumaa mlangoni. "Kaka," akasema, "Mzee ana kiu." Mtoto ameshikwa na homa mara ya pili, na mganga amesema ni wewe, unadai koma yako, kile kijiti cha kumkumbuka marehemu, isimikwe uani ili umiminiwe tembo la mnazi. Nayo haisimiki mwingine ila mwana wa kwanza. Wadogo hawawezi kumtangulia. Basi nyumba nzima inaningoja mimi, mtu yule yule aliyeing'oa koma ya Babu.

Sijawahi kuliandika jambo hili. Nilikuwa na majuma matatu tangu kubatizwa. Kile kijiti cha mti mgumu kilikuwa pale uani, mahali ulipozoea kummiminia baba yako, nikakivuta, nikakitia jikoni kama kuni. Tulichemshia chai ya wageni wangu wa maombi. Ulirudi kutoka kugema tukiwa tumeshika vikombe. Ukatazama shimo, ukatazama jiko. Kisha ukaniuliza, kwa upole ulionitisha kuliko kelele, "Mwalimu, chai ina ladha ya baba yangu?"

Hakuna aliyemeza.

Nami badala ya kupiga magoti nikakuhubiria. Nikasema Mungu habadiliki, na kwamba amekuchukia wewe na vijiti vyako. Ukasema, "Kama habadiliki, baba yangu alipokuwa hai huyo Mungu wako alikuwa wapi? Safarini?" Nikakuita mpagani mbele ya wageni. Ndipo ukanionyesha njia.

Tangu siku ile nimesoma vitabu vingi nikitafuta jibu la swali lako. Ni fupi mno, naona haya kuliandika. Alikuwa uani kwako. Asiyebadilika hakuanza kuwapo siku niliyobatizwa. Mwaka ule mvua ilipokataa, ulisimama kwenye mihogo iliyokauka ukainua mikono ukasema "Mulungu", basi, nami nilikuwa kando yako nimeshika jembe. Alikusikia kwa sikio lile lile analonisikia nalo mimi. Ile hasira niliyokuletea haikuwa yake, Baba. Ilikuwa yangu. Nilimvika Mungu hasira yangu, nikakupigia kelele kwa jina lake.

Ningependa kuishia hapo. Lakini neno hilo hilo lililokutetea linanibana mimi. Kama ni yule yule, basi alichonikataza nikiwa kijana hawezi kunihalalishia leo kwa sababu tu nimezeeka na dhamiri inaniuma. Nikikusimikia koma, nitakuwa nimekudanganya wewe na yeye kwa pamoja. Nisipokusimikia, nimekutukana mara ya pili. Siku tatu sijala vizuri.

Nilimtaka Karisa kitu kimoja kwanza: tumpeleke mtoto hospitali. Alikubali, shingo upande. Ni malaria. Sasa amelala nyuma ya pazia langu, na asubuhi amekunywa uji nusu bakuli.

Kisha nikaamua. Nimewaandikia wazee kwamba namwachia Karisa nafasi ya mwana wa kwanza. Atakachofanya nayo ni juu yake. Simhubirii mtu tena kwa kung'oa. Karisa amenionya kwamba wazee watakubali kwa sharti lao: aliyeiacha nafasi hiyo asikanyage tena uani, kwa kuwa nyumba haiwi na wakubwa wawili. Nilimwambia najua. Alikohoa, akanishika mkono. Labda ni woga wangu huu, Baba. Labda. Ila sikupata njia nyingine ya kutokuvunjia heshima bila kusema uongo.

Lala salama. Lile neno nililokuita mbele ya wageni halitatoka tena kinywani mwangu wala moyoni, juu yako wala juu ya mtu yeyote; hilo nakuahidi. Na nikimtaja baba yangu katika sala, nitalitaja jina alilokupa Babu, bila kukuombea radhi kana kwamba Mungu hakukujua.

Mimi mwanao, Kahindi. Matsangoni sitarudi.