Lipia ili Uendelee

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Afya yako, usingizi wako na lile jino lililokuwa likikusumbua, vyote viko salama? Sisi huku ni wazima. Mama ni mzima, ila masikio yake yamezidi kuwa mazito. Mimi nami sijambo, mikono tu ndiyo inauma kwa kusuka vichwa vya watu.

Nimekuandikia kwenye karatasi makusudi. Kwenye simu, kila nikikueleza jambo unanijibu kwa picha ya kidole gumba, nami nimechoka na hicho kidole.

Umenilalamikia kwamba Mama amekununia. Unamtumia ujumbe wa sauti, unamwuliza jambo la maana, naye kimya. Kaka, kabla hujamlaumu mama wa watu, sikia kwanza yanayotokea humu ndani.

Simu uliyotuachia ina akaunti mbili: yako, ambayo ndiyo ninayoitumia mimi, na ya Mama. Ile programu inayogeuza sauti kuwa maandishi makubwa, ili Mama asome asichokisikia, uliilipia kwenye akaunti yako. Ahsante sana. Kwa hiyo mimi mwenye masikio mazima ninayo kamili. Mama mwenye shida, akifungua kwake, anapata ile ya bure. Inaandika kidogo, kisha inakata.

Nikasema basi, atumie upande wangu. Weee! Alikaa humo asubuhi moja tu, akasoma ujumbe wa wateja wangu wote na kuwajibu. Bibi harusi mmoja ameambiwa kwamba mtindo anaoutaka haumfai kwa paji la uso kama lile. Nimembembeleza mpaka basi, hataki hata kuniona.

Dawa ipo, na ni rahisi hadi inatia hasira. Kuna sehemu ya kushirikisha familia. Nimeomba Mama aongezwe, nikaomba tena na tena, na kila mara simu inaniambia ombi limetumwa kwa mwenye malipo, akubali kwenye simu yake. Mwenye malipo ni wewe. Nikikuuliza, unasema hujaona kitu, ni matangazo tu yanakujia na unayafuta. Kaka, hayo unayoyafuta ndiyo sisi.

Sasa juzi Mama alinifuata nikiwa na kichwa cha mteja mkononi. Akaniinamia sikioni, akauliza kwa sauti anayodhani ni ya chini, hata fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akainua uso: "Kaka yako ana shida gani ya fedha, mpaka nimlipe ndipo azungumze nami?"

Nikaitazama simu. Wewe unajijua kwa salamu. Umemsalimia, ukauliza magoti yake, ukamwulizia mama mdogo, jirani, hata paka, mpaka ile ya bure ikaishiwa pumzi. Chini yake pameandikwa: Lipia ili uendelee. Mama amekuwa akiamini ni maneno yako. Kila ujumbe unaishia hapo hapo. Hakununa, Kaka. Alinyamaza kwa aibu kwa sababu hakuwa na cha kukupa.

Nilisikia uchungu hata nikashindwa kucheka. Nikamweleza kwa kumwandikia, akaelewa. Nikataka anipe simu nikusikilize mimi, nimwandikie hayo yaliyobaki, lakini akaikumbatia kifuani. Anasema ya mwanawe hayapitii kwa msusi. Kwa hiyo hilo ulilomwuliza, mpaka leo hakuna anayelijua humu ndani.

Mama mdogo anakusalimu sana. Fundi viatu naye anakusalimu, na anauliza kama shida ya fedha imepungua.

Nilimwambia Mama nitakuandikia ufupishe salamu, uingie moja kwa moja kwenye habari, ili hiyo ya bure itoshe. Akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Asizifupishe," akasema. "Salamu zake nazijua. Nikizisoma tu, namsikia."

Basi usizifupishe. Ila hicho kidole gumba chako, safari hii kibonyeze panapotakiwa.

Mungu akulinde na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye, hasira na yote,
Mdogo wako, msusi.