Wifi, Kasa Wamepanda Tena

Wifi yangu Mwanahawa,

Tangu tukuzike sikukanyaga kisiwani Yambe hadi majuzi hapa. Kaka yako ndiye aliyenisukuma. "Wageni wanauliza kisiwa," aliniambia, "na mke wangu kakaa tu anasuka ukili." Alidhani naogopa maji. Maji uliniondolea hofu wewe. Nilikuwa naogopa ule ufukwe wa mashariki.

Unakumbuka uliponipeleka mara ya kwanza? Bibi harusi, mtoto wa kule Amani milimani, sijawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Nilikukumbatia kiuno kwenye mashua hadi ukapiga kelele, "We! Niache nipumue!" Tulipofika ukanishusha, maji ya magoti, ukanigeuza uso bara. "Hebu tazama kule." Hakukuwa na wingu. Milima ya Usambara imesimama, buluu tupu, juu ya minazi. Kwetu! Nikalia, nawe ukajitia unatafuta kaa.

Basi ukanifundisha. Maji yakijaa, wageni tuwapitishe kwenye mikoko. Yakipwa, tuwapeleke vidimbwini wakaone viti vya pweza, zile nyota za bahari. Kwenye gofu la msikiti ulivua viatu bila kusema neno, na kila mgeni akavua vyake. "Kisiwa kina mdomo wake," ulisema. "Wewe waonyeshe njia tu."

Mimi nilipenda kuwafurahisha. Ndiyo maana siku ile, wewe uko arusini Pongwe, vijana wa mjini waliponibembeleza niliwaonyesha mayai ya kasa yalipofukiwa. Niliwaambia wasiguse. Wakafukua, wakayageuzageuza, wakapiga picha, wakayarudisha ovyo. Nami nilisimama natazama, Wifi. Natabasamu.

Siku za kuanguliwa zikapita, hakikutoka hata kitoto kimoja. Ulifukua mwenyewe ukanionyesha. Bora ungenitukana. Ulisema tu, "Mama yao alitoka mbali." Mwezi mzima hukunisemesha ila salamu.

Kisha ukaugua. Nilikulisha uji, tukazungumza kila kitu isipokuwa lile. Nilikuwa nasubiri uanze wewe. Siku moja ukanishika mkono: "Wageni wa Ijumaa wapeleke wewe."

"Mimi, Wifi? Baada ya yale?"

"Wewe. Hutarudia."

Ukageukia ukutani. Ule ulikuwa msamaha? Mpaka leo najiuliza. Na hao wageni sikuwapeleka, maana Ijumaa ndiyo tuliyokuzika.

Sasa nikupe habari. Maji makubwa ya bamvua yameziba njia yako ya mikokoni, nimefungua nyingine pembeni. Gofu limeangusha jiwe moja la mlangoni. Na majuzi hayo nilikwenda na walimu wa kike kutoka Muheza, wamebeba machungwa, vicheko njia nzima. Tulipofika mashariki nikaona alama mchangani, pana, kama gurudumu la trekta limetoka baharini likarudi. "Kasa kapanda," nikasema.

Mwalimu mmoja akaniuliza, "Mayai yako wapi, dada? Tuchungulie kidogo tu." Na wenzake wakadakia, tafadhali, tafadhali. Wifi, niliyajua yalipo. Ulinifundisha kuujua mchanga uliochimbwa.

Nikawaambia hapana. Halafu, sijui nini kilinipata, nikawasimulia yote. Vijana, picha, mimi nimesimama natabasamu, wewe na mayai yaliyooza viganjani. Sikuwahi kumwambia mtu, hata kaka yako. Watu nisiowajua, nami nalia mbele yao kama mtoto. Kisha yule aliyeuliza akavua viatu, akasema, "Basi tuzungukie majini." Wakapita wote majini, sketi wamezikunja, hakuna aliyeukanyaga ule mchanga.

Nimerudi mara tatu peke yangu. Bado kumetulia. Ninahesabu siku kama ulivyokuwa ukihesabu, kwa mafundo kwenye kamba. Mtu akiniuliza nimefuata nini, nasema naangalia upepo.

Mola akupanulie kaburi, Wifi. Nimekukosa kuliko ninavyoweza kumwambia mtu nyumbani. Watoto wa kasa wakitoka salama, nitakuja makaburini kukuambia. Wasipotoka, nitakuja vilevile, na safari hii sitasubiri uanze wewe.

Wifi yako,
Zaina